Besi la Mbao za Kreti

Kisauni, Mombasa
17 Machi 1963

Kwa shemeji yangu Obeid,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi ulichoondoka nacho kimepoa. Baridi ya Nairobi si ya kuchezea. Sisi huku hatujambo, twamshukuru Mungu. Mama yako ni mzima ila magoti, na amenituma nikwambie usimwandikie tena kwa wino wa kijani, kwa sababu anayemsomea haoni vizuri na huwa anabuni.

Arobaini ya marehemu dada yako tuliimaliza Jumapili iliyopita. Watu walijaa mpaka barazani kwa jirani. Sikukuandikia tangu uondoke kwa kuwa kila nikishika kalamu naona nina jambo moja tu la kusema, nalo unalijua.

Sasa limezuka la pili. Yule Mgoa wa kisiwani aliyetuazima besi lake la kusimama miaka yote hii anahama nchi na jamaa zake. Alikuja na gari la mizigo kulichukua. Nililifunga blanketi kwa mkono wangu, nikamsaidia kulipandisha. Akaniambia, "Fundi, umelitunza kuliko mimi mwenyewe." Niliona fahari, kisha gari likaondoka nikabaki nimesimama njiani mikono haina kitu.

Chama chetu cha taarabu kikakaa. Bwana Salem, unamjua, tangu awe mwalimu wetu hapendi jambo liongezwe urefu. Akasema, "Zama za magogo zimekwisha. Nairobi watu wanapiga gitaa la besi la umeme, mtu analivaa shingoni kama mkoba. Aqil, shemeji yako si analo?"

Nikasema analo.

"Basi na sisi tutatafuta letu."

Bi Sheikha, mwimbaji wetu, akadakia: "Na mimi mwalimu, waya wangu mtanichomeka wapi?"

Watu wakacheka, ila Salem. Hapo nikasimama, mimi ambaye katika vikao kazi yangu ni kuitikia tu. Nikasema wanipe muda, nitaunda besi. Salem akaniangalia. "Utaunda?" Nikamwambia, "Mimi si seremala?" Akasema, "Kabati halipigi taarabu, Aqil." Wakacheka tena, na safari hii nilichekwa mimi.

Mwisho wamenipa mpaka sherehe za uhuru, ambazo kila mtu anasema hazipiti mwaka huu. Siku hiyo chama kitapiga uwanjani mbele ya Kisauni nzima. Nikiwa na besi linalolia, nafasi ni yangu. Nisipokuwa nalo, itakuwa ya gitaa pamoja na atakayelivaa.

Nikueleze kilichonisimamisha. Dada yako akipepea makaa jikoni alikuwa anaguna sauti ya besi. Wanawake wengine huimba maneno ya wimbo, yeye aliimba besi, chini kabisa, mpaka chai ichemke. Na kila akiniona nalifunga lile la Mgoa kulirudisha chamani alisema, "Kisauni nzima inalala juu ya vitanda vyako, na wewe wapiga besi la kuazima." Alisema kwa kucheka. Nami nilijibu nitaunda langu kesho. Nimehesabu, ni miaka kumi na mmoja ya kusema kesho.

Kwa hiyo nakuomba. Ulisema hoteli mnayopiga ina besi la kusimama. Nipimie kila kitu, urefu, kina, unene wa mbao, usiache hata tundu.

Ni mimi shemeji yako,
Aqil


Pumwani, Nairobi
5 Aprili 1963

Kwa shemeji Aqil, seremala wa vitanda na sasa ati wa mabesi,

Waaleikum salaam. Nami ni mzima, kikohozi kimeniacha. Mwambie mama wino wa kijani nimeutupa. Nilipofika pale uliposema Zubeida alikuwa anaguna jikoni niliikunja barua kwanza, nikaenda kunawa uso, ndipo nikaendelea. Alianza tangu utotoni. Baba alikuwa akimuuliza kama tumbo linamuuma.

Sasa tuje kwenye kazi. Shemeji, nakupenda, lakini mimi na Salem tuna sikio moja katika hili. Ungeliona gitaa langu! Jekundu, limepigwa rangi ya gari, nyaya nne za chuma, na shingo yake ina vipande vya chuma vinavyokuonyesha pa kubonyeza, hata mlevi hakosei. Spika yake ni kubwa kama kabati lako la milango miwili. Nikigusa waya mnene, glasi za watu zinatembea mezani. Wewe na gogo lako nani atakusikia? Utajisikia mwenyewe na ukuta ulio nyuma yako.

Haya, nimeshakutania, sasa pokea. Nimeunganisha magazeti kwa uji wa ngano, nikalilaza besi la hoteli sakafuni asubuhi kabla hawajafungua, nikalichora lote, kifua, mgongo na mbavu. Mpishi akatoka akaniuliza, "Obeid, unamshonea tembo suruali?" Karatasi zimo ndani ya bahasha kubwa. Unene nimeupima kwenye ukingo wa matundu mawili ya kifuani, yale yaliyopinda kama ndoana.

Nimemulika tochi ndani. Upande wa uzi mnene kuna ubao mrefu umegundishwa chini ya kifua, kutoka juu hadi chini. Upande wa pili kuna kijiti kimesimama wima baina ya kifua na mgongo, unene wa kidole gumba. Hakikugundishwa, nilikigusa kwa waya kikacheza kidogo. Sijui cha nini. Mwenye kulipiga ni mzee mmoja wa Kishelisheli, yuko likizoni kwao, ningemuuliza.

Nyuzi nitakutafutia za chuma. Usiniambie habari ya nyuzi za utumbo wa mbuzi.

Ndimi shemeji yako,
Obeid


Kisauni
26 Mei 1963

Kwa shemeji yangu Obeid,

Salamu nyingi baada ya Idi. Natumai uliswali vyema na ukapata pilau ya kueleweka huko. Mama yako alikuwekea fungu lako, akasubiri mpaka jioni, ndipo akampa jirani, akasema, "Obeid atakula mwakani." Magoti yamepata nafuu kwa mafuta ya mwarobaini.

Karatasi zimefika. Nilizitandaza chini nikazikanyaga kwa miguu mitupu ili zisiruke. Umechora vizuri kuliko nilivyokudhania.

Sikiliza nimepata wapi mbao. Changamwe ninaye rafiki, Absalom, mtu wa bara, kazi yake bandarini ni kufungua makreti ya mashine. Zile mbao hutoka nchi za theluji, ni nyepesi, na mistari yake imenyooka na kubanana kama nywele zilizochanwa. Watu hupikia. Alizifunga juu ya baiskeli, akavuka kisiwa kizima na daraja la Nyali, mbao zimemzidi mbele na nyuma, polisi wakampigia filimbi mara mbili. Kufika akauliza, "Fundi, unajenga nini, kanisa au msikiti?" Nikamwambia besi. Akakaa chini akacheka, kisha akasema, "Basi mimi siendi mpaka nione."

Kifua nimekitoa katika mbao hizo. Niliziunganisha mbili katikati, na ukipitisha ukucha hupati pa kuungia. Mgongo na mbavu ni mfenesi ulioanguka Kongowea wakati wa mvua za mwaka juzi. Shingo ni mvule. Mbavu nilizikunja kwa mvuke wa pipa la maji, ya kwanza ikapasuka, ya pili ikapasuka, ya tatu ikakubali. Nimekonda shemeji, lakini nalala usingizi, na tangu Ramadhani nilikuwa silali.

Kuhusu nyuzi tutagombana. Uzi wa utumbo ukiugusa unachelewa kidogo kujibu, kama mtu mwenye adabu. Waya wa chuma unajibu kabla hujamaliza kuuliza. Nawe unapenda kubonyeza palipoandikwa. Mimi napenda kidole kitafute chenyewe, na kikikosea kikosee kwa aibu yake. Mgoa aliniachia nyuzi zake mbili za utumbo za akiba, zile mbili nyingine niletee za chuma, tuzioe pamoja tuone.

Kile kijiti nakijua. Sisi mafundi tukigundisha ubao mahali ambapo jiriwa haifiki, tunaubana kwa kijiti mpaka gundi ikauke, kisha tunakitoa. Fundi wa Ulaya amekisahau ndani! Nimecheka peke yangu hapa. Mimi niliwahi kusahau penseli ndani ya sanduku la bibi arusi, basi tumelingana. Langu ndani ni safi, nimepiga msasa hata pasipoonekana, na hakuna kipande kilichosahauliwa.

Mwezi ujao nalivisha nyuzi.

Ni mimi shemeji yako,
Aqil


Pumwani, Nairobi
30 Julai 1963

Kwa shemeji Aqil,

Assalaam aleikum. Hujambo, na mama hajambo? Mimi ni mzima. Nilikutumia nyaya mbili kwa mkono wa dereva mwanzoni mwa Juni, na hujaniambia kama zilifika. Nilidhani utanijaza kurasa za majisifu.

Shemeji, hili nilitaka kulizunguka lakini nitalisema. Bwana Salem ameniandikia. Anasema muda unakwenda, kila akipita karakana yako anaona kitu kikubwa kimefunikwa gunia na wewe unaunda viti. Anasema ukiulizwa unajibu, "Bado kidogo." Ameniomba siku ya uhuru nije na gitaa langu na spika nipige na chama.

Nimemjibu nitakuja.

Nimeandika hivyo nikiwa nimefurahi, sitakudanganya. Kupiga uwanjani kwetu, mbele ya watu walionijua napiga ndoo ya maji, ni jambo nimeliota. Na nilijiambia kwamba nisipokuja mimi atakuja mtu wa nje, heri nafasi yako ishikwe na ndugu. Lakini baada ya kuitia barua posta nikawa sina raha. Nijibu unavyoona. Ukiwa na hasira, nijibu kwa hasira, mradi unijibu.

Shemeji yako,
Obeid


Pumwani, Nairobi
22 Septemba 1963

Shemeji Aqil,

Salamu. Ni karibu miezi miwili, hukunijibu. Mama kamwandikisha mtu barua, anasema u mzima, unakula, unaswali, ila umenyamaza. Nimeelewa hivyo kuwa ni kwa ajili yangu, na pengine ninastahili.

Lakini leo siandiki kuomba msamaha, naandika kwa haraka, soma mpaka mwisho.

Jana wahudumu walikuwa wanahamisha meza, wakaliangusha besi la hoteli. Halikupasuka. Yule mzee wa Kishelisheli akalipiga, na sauti ikawa imekufa. Shemeji, nilikuwepo. Nyuzi zile zile, mtu yule yule, na inatoka sauti ya kugonga godoro. Mzee hakushtuka. Akalitikisa, tukasikia kitu kinabingirika ndani. Akasema, "Nguzo imeanguka."

Ni kile kijiti! Hakikusahauliwa, shemeji. Ndicho kinachopokea mtikisiko wa nyuzi kifuani na kuupeleka mgongoni, bila yake mgongo haujui kama kifua kinapigwa. Nilikaa naye saa nzima. Alilegeza nyuzi kidogo, akakichoma kijiti kwenye ncha ya waya uliopindwa, akakiingiza kwa tundu la kifuani, akakisimamisha upya. Kinakaa karibu na ule mguu wa daraja linalobeba nyuzi ulio upande wa uzi mwembamba, si chini yake hasa, bali nyuma yake kwa upana wa kidole. Kiwe cha mbao nyepesi kama ya kifua. Kikate kiingie kwa kubana kidogo tu, kisisukume. Na usikitie gundi. Nakujua wewe. Usikitie gundi. Alikaza nyuzi akagusa mmoja, na mpishi alitoka jikoni kuangalia nani kaingia.

Kama besi lako liko chini ya lile gunia kwa sababu limekataa kulia, basi sababu ni hii na si mikono yako. Mimi ndiye niliyekiona kijiti na nikakuandikia "sijui cha nini".

Najua nikikwambia haya huenda nikakosa uwanja. Nimekwambia.

Obeid, shemeji yako


Kisauni
13 Oktoba 1963

Kwa shemeji yangu Obeid,

Assalaam aleikum warahmatullah. U hali gani? Mimi ni mzima, na mama yako pia, ila ameanza kulalamika kwamba karakana yangu inamtikisia vikombe.

Nisamehe kwa kunyamaza. Nyaya zako zilifika. Nililivisha besi nyuzi mwezi Juni, siku ya Ijumaa baada ya swala, nikiwa nimeoga na kuvaa kanzu safi. Nikagusa uzi mnene. Sauti ilitoka ikafia pale pale. Nikagusa wa pili, hivyo hivyo. Nilikunja mbao sahihi, nikaunga sahihi, kila kipimo chako nimekirudia mara tatu, na kitu kimekaa mbele yangu kizuri kama bwana harusi bubu. Absalom alikuwepo. Hakucheka. Alisema tu, "Labda limechoka na safari." Nikalivika gunia. Kila siku kifua kilikuwa kinabonyea kidogo chini ya nyuzi, nami nilikuwa nikilegeza na kusema nimeharibu. Barua yako ya Julai ilinikuta hivyo. Sikuwa na hasira. Niliona umesema kweli, nafasi haina mwenyewe.

Barua ya Septemba niliisoma nimesimama mlangoni pa posta. Nilirudi nyumbani kwa miguu, basi sikulisubiri. Nilikata kijiti katika kipande kilichobaki cha kreti lile lile. Cha kwanza kirefu, cha pili kifupi, cha tatu nikakipunguza kwa msasa, nyuzi mbili tatu za mbao kila safari, mpaka kikaingia. Halafu gundi ilikuwa jikoni, ya moto, na mkono wangu shemeji, wallahi, mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Miaka ishirini na sita sijawahi kuacha mbao mbili zikutane bila gundi. Nililitoa kopo nje nikalimwaga mchangani ndipo nikatulia.

Nikakaza nyuzi. Nikagusa ule mnene.

Sauti iliingia miguuni kwanza. Patasi zilizotundikwa ukutani zilijibu zote, na vumbi la randa lilisogea juu ya meza. Nilikaa juu ya kigogo, nikagusa tena polepole, nikaendelea mpaka alasiri ikaadhiniwa. Sikulia kwa huzuni, nataka ujue hivyo.

Bi Sheikha alikuja na kigoda chake kilichovunjika mguu. Akasimama mlangoni. "Aqil, nani yumo humu ndani?" Nikamwambia hamna mtu. "Mwongo. Mna mwanamume mzima ananguruma." Akaingia, akalizunguka, akalishika mbavuni, akasema mashallah. Akaanza ubeti, nikamfuata. Katikati akanyamaza, akasema, "Miezi yote hii chini yangu mlikuwa na shimo. Leo nasimama juu ya sakafu." Kigoda amekisahau, kingali hapa.

Yeye ndiye aliyemleta Salem. Salem alikaa, akafumba macho, nikapiga nyimbo tatu. Alipofumbua akasema, "Nyuzi mbili za utumbo, mbili za chuma. Nani alikufundisha ujinga huu?" Nikamwambia ni suluhu yangu na wewe. Akasema, "Ujinga mtamu." Kisha akainuka, akafuta kanzu. "Lakini Obeid nimeshamwahidi, na mimi sivunji ahadi. Muulizeni mwenyewe."

Kwa hiyo nakuuliza. Nimefikiri siku nyingi niseme njoo na gitaa lako, mimi nitakaa na watu nipige makofi. Mimi hivyo ndivyo nilivyozoea kusema. Ila nikisema hivyo nitakuwa nakudanganya, nawe hukunidanganya. Nataka siku hiyo nipige mimi, na besi hili. Sijapata kukuomba kitu kikubwa tangu nilipokuja kumposa dada yako. Nakuomba hiki. Ukisema hapana, hakitaingia kitu kibaya baina yetu.

Ni mimi shemeji yako,
Aqil


Pumwani, Nairobi
3 Novemba 1963

Kwa shemeji Aqil,

Waaleikum salaam. Mimi mzima, na barua nimeisoma mara nne, mara ya nne kwa sauti, mbele ya bendi yote. Mpiga ngoma wetu anataka kujua kama bwana harusi bubu ameshapata mke.

Nimemwandikia Salem kwamba gitaa langu limeharibika vibaya, fundi hapatikani, na siku ya uhuru bendi yetu imekodishwa hapa. La bendi ni kweli. La gitaa, usimwambie kuwa lipo hapa kitandani mwangu, zima kabisa, linanitazama.

Sikufichi, iliniuma. Nilitoka nikatembea mpaka mtoni na kurudi. Nilikuwa nimekwisha chagua na shati. Lakini nilipofika pale ulipoandika "nataka nipige mimi" nilijua hayo maneno yamekugharimu zaidi ya mbao zote.

Nina masharti mawili. Uniandikie kila kitu, nani alisema nini. Na ule wimbo wa pili usiukimbize, wewe ukiwa na furaha unakimbiza.

Shemeji yako,
Obeid


Kisauni
15 Desemba 1963

Kwa shemeji yangu Obeid,

Assalaam aleikum. Natumai uhuru umekukuta na afya na kwamba Nairobi hamkuvunja spika. Sisi sote hatujambo. Mama yako magoti hayajamkumbuka tangu Alhamisi, kwa sababu alicheza.

Uliniambia nikuandikie kila kitu, basi kaa.

Besi lilikwenda uwanjani kwa mkokoteni, mimi nikivuta na Absalom akisukuma nyuma. Alikuwa na zamu bandarini, akabadilishana na mwenzake. Mama yako alitoa leso mbili za Zubeida tulifunike jua, akasema, "Hizi hazikununuliwa zikae sandukuni." Njia nzima watu wanauliza tumebeba nini. Absalom alimjibu kila mtu jibu lake. Mmoja alimwambia ni mgonjwa, mwingine akamwambia ni waziri.

Uwanja ulikuwa umejaa, watu wa Kisauni, wa Kongowea, hata Likoni walivuka kuja. Wapo waliokuja na shangwe na wapo wazee waliokuja kuangalia tu mambo yatakwendaje, lakini wote walikuja. Salem aliniweka nyuma kabisa, karibu na kamba ya bendera, akasema mtu mrefu na kitu kirefu watawakinga wenzao. Zilikuwepo spika mbili za kuazima, ya Bi Sheikha na ya fidla. Mimi sikuwa na chochote mbele yangu isipokuwa besi.

Wimbo wa kwanza nilishika nyuzi kijuujuu. Nilipiga kwa kuogopa, nikaona watu hawanisikii. Nikakumbuka kebehi yako kuhusu ukuta, nikaliinamisha kidogo mgongo wa besi ukaelekea jukwaa la mbao tulilosimama juu yake, na mguu wake wa chuma nikaukanyagisha hasa ubaoni. Jukwaa zima likaanza kuimba, Obeid! Waliokaa mbele wakawa wanaangalia chini. Mzee mmoja alinyanyua miguu.

Wimbo wa pili niliukimbiza. Nisamehe. Bi Sheikha alinigeukia katikati ya ubeti, akarudia mstari mzima kwa makusudi ili nimngoje, na watu wakadhani ni madaha, wakamtunza pesa. Baadaye alinipitia sikioni, "Uhuru umekuja, Aqil, hauondoki. Pole pole." Tangu hapo sikukosea tena. Salem alinisogeza mbele kwa kunishika bega, tukapiga tano zaidi, na wa mwisho tuliurudia mara tatu.

Tulipomaliza, mwenye kuongoza sherehe, kijana wa kisiwani aliyevaa tai, akaja na kipaza sauti. Akamuuliza Salem mbele ya watu wote, "Mwalimu, besi hili mmeliagiza nchi gani?"

Salem akasema, "Kisauni." Kisha akarudia, "Kisauni, hapa nyuma ya soko la samaki." Uwanja ulipiga kelele ambazo sijapata kuzisikia. Mama yako alisimama juu ya benchi, na magoti yale, akapiga vigelegele.

Kijana akanielekezea kipaza sauti. "Na fundi ni wewe?"

Wajua mimi mbele za watu sina maneno. Nilimwambia mafundi ni wawili. Mmoja alilikunja kwa mvuke na likamshinda. Mwingine yuko Nairobi, ndiye aliyelipa sauti, na alikuwa apige yeye hapa leo akaniachia mimi. Akaniuliza huyo mwingine ni nani. Nikasema ni ndugu wa mke wangu. Nikalitaja jina lako, na jina la baba yako, nikamtaja na Zubeida. Majina matatu yalikwenda kwenye zile spika mpaka barabarani. Watu wakapiga makofi tena, na makofi yale, Obeid, yalikuwa yako na yake. Mimi nilikuwa nimeshalishika besi mikono miwili, sikuweza kuyapiga.

Kuna watu wa chama kimoja cha Likoni walibaki nyuma wakaligonga gonga, wakachungulia matundu kwa kiberiti, mmoja akaniambia, "Fundi, kuna kijiti umekisahau humu ndani." Nilimkalisha chini nikamweleza.

Salem anakupa salamu. Anauliza kama gitaa lako limepona, na alipouliza alikuwa anatabasamu, kwa hiyo nadhani hakuliamini tangu mwanzo. Anasema ukija likizo mpige pamoja, wewe na umeme wako upande huu, mimi upande ule, tuone nani atamtikisa Bi Sheikha. Nami nataka iwe hivyo. Shati ulilochagua usilivae mpaka siku hiyo.

Mwaka huu ulianza vibaya kuliko miaka yangu yote. Sikutegemea kwamba ungenipa siku moja ya kutembea kichwa juu, na umenipa, na sehemu yake kubwa imetoka mkononi mwako. Sina cha kukulipa. Ukikaa kupiga, shemeji, hata kwa umeme, unikumbuke.

Ni mimi shemeji yako,
Aqil